Jicho la Kushoto la Titus Gotaha

Wa kwanza kulalamika alikuwa Desmond, winga wetu wa kushoto. Ilikuwa mwezi wa sita, tumewashinda watu wa Lae kwa taabu, tumekaa kwenye nyasi za uwanja wa Goroka, mji wetu wa milimani, tunavua viatu, naye akasema kwa sauti ya kusikiwa na kila mtu:

"Jamani, wiki ijayo nakuja na marando. Huku kwangu mpira haufiki, basi acheni nipande viazi. Vitakomaa kwa amani kabisa."

"Usisahau kuweka ua, nguruwe wasije wakafukua," akasema mmoja.

Watu wakacheka. Gotaha naye akacheka. Mimi nilichelewa kucheka kwa sababu nilikuwa nahesabu. Trai tano zetu za mwisho, yaani mara tano tulizouweka mpira nyuma ya mstari wa wapinzani, zote zilikuwa zimeingia upande wa kulia. Na mwenye kuamua mpira uende wapi hakuwa Desmond, wala kocha. Alikuwa Gotaha.

Titus Gotaha ni mume wa dada yangu Rovina. Kwetu shemeji hatajwi kwa jina, na tangu amwoe dada yangu sijamwita ila "shemeji". Hapa namtaja kwa sababu masimulizi hayatembei bila jina. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja, mfupi, miguu imepinda kidogo, mtu wa bonde la Asaro kama mimi. Alikuwa na kahawa yake mlimani, nguruwe watatu na watoto wawili, na siku za mazoezi alishuka mjini kwa miguu, kiazi cha kuchoma mfukoni. Ukimkuta sokoni usingedhani ndiye yule anayetajwa redioni kila Jumapili.

Mbio hakuwa nazo. Alichokuwa nacho ni macho. Raga yetu ni ya watu kumi na watatu, na timu inaruhusiwa kuangushwa mara sita tu na mpira, baada ya hapo unakwenda kwa wenzenu. Kila mtu wetu akiangushwa, husimama akausukuma mpira nyuma kwa mguu, na mimi, namba tisa, nauokota na kuurusha. Anayeupokea ni namba saba, na namba saba alikuwa yeye. Miaka tisa nilimrushia mpira mmoja baada ya mwingine, mpaka nikajua pumzi zake.

Tulikuwa na mchezo tuliouita Jembe na Moshi. Mtu mzito anakimbia moja kwa moja kuwaendea mabeki, kama jembe linavyoshuka kwenye udongo. Nyuma ya mgongo wake anapita Bire, fulubeki wetu, yule anayesimama nyuma ya wote, kwanza taratibu halafu kwa kasi, kama moshi unaposhikwa na upepo. Gotaha ana mpira mkononi, na anamtazama mtu mmoja tu: beki wa tatu kuhesabu kutoka mstari wa pembeni. Beki huyo akigeuza nyonga kumfuata Moshi, basi pasi fupi kwa Jembe, apite kwenye ufa. Akimkazia Jembe, mpira unapita nyuma kwa Bire, na huko nje sisi ni watatu na wao wawili. Uamuzi wote huo ni wa kupepesa jicho mara moja. Nilimwona akiufanya mamia ya mara na sikumbuki kama alikosea mara kumi.

Sasa upande wa kushoto mchezo huo ulikuwa umekufa. Tukielekea kushoto Gotaha ama anapiga mpira mbele kwa mguu, ama anaingia nao mwenyewe na kuangushwa. Nilianza pia kuona kwamba anageuza shingo yote, kama mtu aliyelala vibaya.

Jumanne iliyofuata tulikuwa tumekaa kwenye gogo kando ya uwanja, ananisimulia habari za nguruwe wake aliyevunja ua wa jirani. Nilikuwa kushoto kwake. Nikainua mkono wenye karanga, nikauweka karibu na sikio lake, nikauacha hapo. Akaendelea kusimulia. Jirani alivyotukana, mke wa jirani alivyotukana, hadi mama mkwe wa jirani. Mkono wangu ukaanza kuuma.

"Shemeji," nikasema, "nina nini mkononi?"

Akageuka shingo yote. "Karanga. Kwani vipi?"

"Nimezishika hapo tangu nguruwe hajavunja ua."

Akachukua karanga moja, akaanza kuimenya, maganda yanamwangukia pajani.

"Tangu Pasaka," akasema hatimaye. "Ule mgongano tulipocheza kule Mendi. Kwanza nilikuwa naona nzi wadogo weusi, nikipunga mkono hawatoki. Halafu likaja kama pazia, linashuka kila wiki kidogo. Sasa limefika chini."

"Huoni kitu?"

"Naona mwanga. Mtu akipita najua kuna kitu kimepita."

"Dada anajua?"

"Usimwambie dada yako!" Alinishika mkono. "Nakuomba, shemeji. Zimebaki mechi sita. Ikiisha tu nakwenda kwa daktari, naapa. Kocha akijua ananitoa siku hiyohiyo, unamjua yule."

Nilimjua. Kocha Wartovo ni mtu wa pwani, wa Rabaul, mdomo mwekundu kwa tambuu kutwa, na hana maneno mawili.

"Na ukipigwa tena?"

"Napigwa tangu nina miaka kumi na sita. Leo ndiyo nianze kuogopa?"

Hapo ndipo nilipokosea. Ningeinuka pale kwenye gogo, nikavuka uwanja, nikamwambia Wartovo. Lakini tulikuwa hatujawahi kufika fainali, mimi nilikuwa na miaka thelathini na mitatu na magoti yanalia kila asubuhi, na moyoni, niseme kweli, sikutaka kuurusha mpira kwa mtu mwingine. Badala ya kumkataza, nikamwambia: "Kwani lazima macho yawe yako?"

Mpango ulikuwa huu. Kabla sijainama kuokota mpira, mimi nauona mstari wote wa mabeki. Basi tukielekea kushoto, kumsoma beki wa tatu itakuwa kazi yangu. Nikimrushia pasi ya kifuani, maana yake ni Jembe. Nikimrushia ya kiunoni, ni Moshi. Yeye anapokea, anatoa, wala hana haja ya kutazama. Tulifanya mazoezi nyumbani kwake, kwenye uwazi karibu na miti ya kahawa, huku Rovina akipita na kutucheka. "Wazee wazima! Hamjatosheka na mpira huko mjini?" Mimi nikicheka naye.

Mpango ulifanya kazi mno. Mechi ya kwanza Desmond alifunga trai mbili, akaja kumbusu Gotaha upara. Mechi ya pili moja. Ya tatu, dhidi ya watu wa Kundiawa, pasi ya kiunoni ilitoka mkononi mwa Gotaha huku yeye anatazama kulia kabisa, ikamfikia Bire kwa mbio zake zote, na mtangazaji wa redio akapiga kelele kwamba huyu mtu ana macho kisogoni. Tuliisikia ikirudiwa jioni kwenye duka la vyakula. Gotaha alitabasamu, mimi nikakirudisha kiazi mfukoni.

Kwa sababu kushambulia ni nusu ya mchezo. Nusu ya pili mpira ni wao, wanakuja kwako mbio, na hapo sikuwa na pasi ya kumsaidia. Kila jitu lilipomwelekea kwa kushoto nilipiga kelele "Mkono wako! Mkono wako!" hadi sauti ikapotea. Niliacha kutazama mchezo. Nilimtazama yeye tu, na kila alipoanguka nilihesabu: moja, mbili, tatu, amesimama. Siku nyingine nilifika hadi saba.

Nusu fainali ilikuwa nyumbani, dhidi ya Hagen. Namba kumi na mbili wao alikuwa mtu mkubwa mwenye ndevu za kusuka, na si mjinga. Kipindi cha pili kilipofika katikati akamwita Gotaha kwa sauti: "Wee saba! Mbona unanitazama kama kuku? Jicho moja kwangu, jicho moja kwa mwewe?"

Wenzake wakacheka. Alikuwa amejua, au alikuwa karibu kujua. Kuanzia hapo kila mpira waliopata walimpa yeye, naye kila mara alipinda njia na kuja kwa bega la kushoto la shemeji yangu. Mara ya kwanza Gotaha alimsikia akaning'inia miguuni mwake. Mara ya pili hivyohivyo. Mara ya tatu hakumsikia. Bega liligonga shavu, kichwa kikarudi nyuma, na mlio wake niliusikia nikiwa mbali.

Nilihesabu hadi kumi na moja. Aliposimama, alitembea kuelekea mstari wao badala ya wetu. Nilimkimbilia, nikamshika bega, nikamgeuza kana kwamba namkumbatia.

"Shemeji, toka. Jilegeze ubebwe."

"Zimebaki dakika ngapi?"

"Kumi na mbili. Toka!"

"Nirushie," akasema.

Nikamrushia. Ya kifuani. Akampa Jembe, Jembe akapita, tukashinda kumi na sita kwa kumi na mbili. Watu wakavunja uzio, wanawake wakaimba, mtu akanimwagia soda kichwani. Tulikuwa fainali. Sijawahi kushinda mechi na kujisikia vibaya namna ile.

Jumatatu asubuhi nilikwenda kumjulia hali. Rovina alikuwa ameanika buni kwenye turubai mbele ya nyumba, anazigeuza kwa reki. Hakunikaribisha. Hakuinua hata uso.

"Jana alikuwa anamimina chai," akasema. "Akaimimina mezani. Kikombe kipo kushoto hapa, yeye anamimina mezani, na hajui. Mtoto ndiye aliyesema, 'Baba, meza haina kiu.' Tukacheka, kaka. Halafu nikaona uso wake."

Akavuta reki mara mbili.

"Kwa hiyo nikakumbuka mazoezi yenu kwenye kahawa. Kifuani, kiunoni, kifuani, kiunoni. Mtu anayeona vizuri anafanyia nini mazoezi ya kutotazama?" Akaacha reki. "Unajua tangu lini?"

"Mwezi wa sita."

"Mwezi wa sita." Alilirudia neno hilo polepole. "Kaka yangu wa tumbo moja. Umekaa kwenye meza yangu, umekula viazi vyangu, unajua. Niambie basi, ulikuwa unamrushia mume wangu mpira, au ulikuwa unamrushia mawe?"

Nilisimama pale na jua linachoma, harufu ya buni puani, na nikamwona kama alivyokuwa mdogo, tukivuka mto, ananishika shati.

"Nakwenda kwa kocha sasa hivi," nikasema.

"Nenda. Na usipokwenda wewe, naenda mimi na hii reki."

Nilimkuta Wartovo ofisini anatafuna tambuu na kuchora mistari ya mechi ya fainali kwenye karatasi. Nilimweleza yote, na pasi za kifuani na za kiunoni nikamweleza. Alitema kwenye kopo.

"Wewe na yeye mmecheza vizuri sana," akasema. "Na nyote wawili ni wapumbavu. Mlete."

Gotaha hakunitukana. Ingekuwa afadhali. Alipoitwa na kuelezwa kwamba jina lake limetolewa kwenye orodha ya fainali, alivua kofia, akaivaa tena, akasema, "Sawa, kocha." Mlangoni alipita karibu nami akasema bila kugeuka: "Mechi moja, Junias. Ulishindwa kungoja mechi moja."

Aliniita kwa jina. Kwetu, shemeji akikuita kwa jina, ni kama amefunga mlango wa nyumba kwa ndani.

Jumatano walimpeleka mji mkuu, Port Moresby, kwa ndege, yeye na Rovina, kwa kuwa kulikuwa na daktari wa macho mgeni aliyekaa huko wiki mbili. Timu nayo ilisafiri kesho yake, maana fainali ilikuwa hukohuko. Rovina alinipigia simu Alhamisi mchana, nikiwa kwenye ngazi za hosteli tuliyofikia. Jicho la kushoto, alisema, ngozi ya ndani imebanduka yote kama karatasi ya ukutani iliyolowa, na imekaa hivyo muda mrefu, halirudi.

"Kuna lingine," akasema. "Daktari amemwangalia na la kulia. Nalo lina mpasuko. Mdogo, pembeni, ameukuta tu kwa kutafuta. Amesema pigo moja tu kama lile la Jumapili, na la kulia nalo linakwenda."

"La kulia?"

"La kulia, kaka. Lile moja lililobaki. Wanalichoma kwa mwanga sasa hivi ili ule mpasuko ushike. Niko mlangoni."

Nilimwambia akae kwenye simu. Nilisikia viatu vya watu vikipita huko aliko, mlango, mtoto wa mtu analia. Ilikuwa kama nusu saa. Halafu akasema, "Ametoka. Wanasema limeshika," na simu ikakatika.

Fainali tulicheza Jumapili saa tisa, joto la Moresby limetulemea sisi watu wa milimani kama blanketi lililolowa. Namba saba alikuwa Paiyo, kijana mwenye mbio na moyo safi, lakini wiki moja haitoshi kumfundisha mtu lugha ya miaka tisa. Nilimwambia: nitakupigia kelele, wewe fuata. Gotaha alikuwa jukwaani na miwani myeusi, kwa ruhusa ya daktari, ameambiwa asiruke wala asishangilie. Rovina alimshika mkono mechi nzima kana kwamba ni mtoto atakayekimbilia barabarani.

Zikabaki dakika nne, tuko nyuma kumi kwa kumi na mbili. Tukafika mita kumi kutoka mstari wao, tumeangushwa mara nne, na uwazi wote uko kushoto. Niliinua kichwa. Beki wa tatu alikuwa amejikunja, nimemwona akimkazia mtu wetu mzito. Nikapiga kelele, "Moshi! Moshi!" na nikarusha. Paiyo akautoa nyuma ya mgongo kama nilivyotaka, na kumbe yule beki alikuwa ameshageuka. Alimfikia Bire pamoja na mpira. Mpira ukadondoka. Filimbi. Hatukuupata tena, na mechi ikaisha hivyohivyo.

Chumba cha kubadilishia nguo kilikuwa kimya, unasikia tu bomba la maji. Nilikuwa nimejifunika taulo kichwani. Nikasikia benchi linalia, mtu amekaa kulia kwangu. Upande wa kulia: yaani yeye amenipata kwenye jicho lake la kushoto, hanioni asipogeuka. Na hakugeuka.

"Alikuwa amegeuza nyonga," akasema.

Nikalishusha taulo hadi usoni.

"Yule wa tatu. Bega lilikuwa kwa Jembe, lakini nyonga ilikuwa kwa Moshi. Bega linadanganya. Nimekwambia mara ngapi?"

"Mara nyingi."

"Ilikuwa ya kifuani, shemeji."

Nililia ndani ya lile taulo, na sikulilia fainali. Desmond, ambaye hakuwa na habari ya lolote kati yetu, akasema kutoka kona yake, "Mwacheni mzee wa watu, kwani yeye ndiye aliyedondosha?" na Bire akamrushia soksi.

Gotaha hakucheza tena, na sitasema kwamba alilikubali hilo kwa moyo mweupe. Msimu mzima uliofuata hakukanyaga uwanjani. Alikaa na kahawa yake, na siku za mechi alizima redio. Aliwahi kuniambia kwamba bado hajui kama amenisamehe, ila amechoka kulifikiria. Nikamwambia na mimi bado sijajisamehe ile miezi, basi tuko sare. Mwaka wa pili Wartovo alipanda hadi kwake kwa miguu, akihema, akakaa nje akatafuna popoo nzima kabla ya kusema shida yake. Alitaka mtu wa kuwafundisha washambuliaji. Sasa ni mwaka wa nne anafundisha. Nimemwona akimsimamisha Paiyo katikati ya mazoezi, anamshika kiuno na kukigeuza: "Hapa ndipo beki anaposema kweli. Usimsikilize kwingine."

Kila baada ya miezi sita anakwenda kupimwa lile la kulia, na mimi na Rovina tunakwenda naye. Wiki nzima kabla ya hapo Rovina hali vizuri, na mimi namkuta Gotaha mwenyewe amesimama shambani, amefumba jicho, amefumbua, anatazama mlima, anafumba tena. Hasemi anachotafuta. Sote tunajua ni wale nzi wadogo.

Mwezi uliopita nesi alimkalisha kwenye kiti, akamwambia asome herufi za ukutani. Akasoma za juu haraka, za kati haraka, na alipofika mstari wa mwisho akaenda polepole, moja moja, nami nimeushika mkoba wa dada yangu hadi nyuzi zinanikata vidole. Alikosea moja.

"Hiyo si kitu," nesi akasema, "hata mimi hunisumbua. Jicho liko salama."

"Asome tena," akasema Rovina.

"Mama, nimesema liko salama."

"Nimesikia. Asome tena."

Gotaha akakohoa, akaanza upya kutoka juu.